Blanketi la Mzee Angolwisye

Sogeeni, nafasi ipo. Leo nina kesi, na sijapata wa kuiamua. Nimeisimulia mahali pengi, na kila mahali watu wanajua jibu kabla sijafika katikati, halafu mwisho wanaondoka wamenuniana. Kwa hiyo hapa kwangu sharti ni moja: usiamue mpaka nimalize. Wewe pale ambaye tayari umefungua mdomo, ufunge, zamu yako itafika.

Huko nyanda za juu kusini, kwenye baridi ya viazi na pareto, aliishi mzee mmoja aitwaye Angolwisye. Mkewe alikwisha fariki miaka mingi, mwanawe mmoja naye alikwisha zikwa, na waliobaki wa kwake walikuwa wanne.

Wa kwanza ni binti yake mkubwa, Ikupa. Huyu ndiye nitakayemfuata hatua kwa hatua, maana mzigo wa hadithi hii uliishia mikononi mwake. Ikupa hakujaliwa kitu cha kuwaonyesha watu. Alijaliwa kuaminika tu. Akikuahidi jambo umeshalipata, na ndugu zake walimpa kila kitu kizito amtunzie, siri na funguo na lawama.

Lugano, kitinda mimba, alijaliwa usukani. Tangu ana miaka kumi na tisa alikuwa anaendesha malori ya viazi, na zilikuwapo kona ambazo madereva wenzake walisimama wakamsubiri atangulie, ndipo wafuate alama za tairi zake. Alikuwa na maneno mengi na hakupenda kuambiwa subiri.

Ambokile, wa katikati, alijaliwa miguu na macho. Angetembea siku nzima kwenye uwanda wa juu, ukungu umefunga, na jioni akarudi palepale alipochomeka fimbo yake asubuhi. Kipaji hicho alikitumia kuchimba chikanda. Asiyeijua chikanda nimwambie: ni viazi vidogo vilivyo chini ya maua fulani ya mlimani, vinasagwa, vinapikwa, na wachuuzi wanavigombania. Ukishakichimba, ua lake ndiyo basi. Mzee Angolwisye alipojua mwanawe ni mchimba maua alimfukuza nyumbani, na hakumsemesha kwa miaka kumi na moja. Watu walishangaa. Wengine walikaa na wanao walevi na wezi wa ng'ombe, yeye anamfukuza mtoto kwa sababu ya maua.

Wa nne, Syabumi, alikuwa mkwe, mjane wa yule mwana aliyezikwa. Alijaliwa mikono. Alikuwa muuguzi, na wagonjwa waliomba sindano wachomwe na yeye. Lakini mikono hiyo haikuwahi kumgusa baba mkwe wake. Kwa desturi ya ukoo ule, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja anachepuka majanini mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Syabumi aliishika miaka kumi na minane. Hata alipofiwa na mume aliendelea kukaa kwenye uwanja wa nyumba ya mzee na watoto wake wawili, akijua kwamba siku atakayoivunja, ukoo una haki ya kumrudisha kwao.

Hao ndio watu wangu. Hakuna mwingine wa kukariri, labda shangazi mmoja mwishoni.

Basi mwezi wa pili, mapafu ya Mzee yalijaa maji. Daktari wa hospitali ya mjini alimwita Ikupa pembeni, akamwambia ampeleke mgonjwa wake nyumbani. Ikupa akauliza zimebaki siku ngapi.

"Mimi ningesema kesho kutwa, mama," daktari alisema. "Lakini siyo mimi ninayepanga."

Ikupa alirudi kitandani. Mzee alikuwa ameketi, maana kulala hakuwezi tena, na mabegani amejifunika blanketi lake la kahawia lenye mstari mwekundu. Kwao blanketi la baba wa nyumba halizikwi naye. Linabaki, na anayevikwa ndiye anakalia kigoda chake, ndiye mwenye nyumba, ndiye wa kusema nani akae na nani aondoke. Linavikwa mara moja, kwa mtu mmoja. Halikatwi.

"Mnajua mama yenu amezikwa huku mjini," Mzee alisema. "Niliwadanganya. Nilimbeba kutoka nyumbani nimlete hospitali, nikakatisha uwandani, mvua ikatukuta kule juu. Alinifia mgongoni. Nilitembea naye mbali tu, nikimwambia vumilia, kumbe namwambia maiti."

Ikupa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa na miaka kumi na mitatu mama yake alipoondoka, na alimwona baba akirudi peke yake, na alifua zile nguo zenye tope bila kuuliza.

"Nilimzika palepale, kwa jembe la kuazima kwa wachungaji. Kichwani nikamfunikia chungu chake, kiko chini ya udongo. Juu nikapanda maua meupe niliyoyatoa bondeni. Uwanda mzima hauna meupe mengine. Kiangazi hukuti kitu, majani matupu. Msimu wa maua ndipo anaonekana. Kila mwaka nilikwenda, isipokuwa mwaka jana, nilipoanza kuumwa."

"Kwa nini hukutuambia, baba?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nilishindwa kumfikisha?"

Alikohoa mpaka Ikupa akamshika mgongo. Alipotulia alilivuta blanketi akamwekea Ikupa pindo lake mkononi.

"Nipelekeni kwake maua yakiwa bado yapo. Nimwone kwanza, ndipo mnizike kando yake. Na atakayenifikisha kwa mama yenu, nikiwa hai, mvike yeye hili. Wewe ndiye wa kuvika. Niapie."

Ikupa akaapa. Hakuuliza chochote, na mimi hapo ndipo huwa namlaumu. Angeuliza neno moja tu, "Je, tukiwa wengi?", mzee angejibu, na mimi ningekuwa sina hadithi. Lakini nani anamhoji baba yake katika hali ile?

Njia zilikuwa mbili. Ya lami inaizunguka milima yote, mwendo wa siku nzima, na ukifika upande wa pili bado unapanda uwandani kwa siku nyingine. Ya pili inakata milima katikati, na inapita sehemu mbili ambapo majabali yameachia nafasi ya gari moja tu. Watu huziita Mlango wa Chini na Mlango wa Juu. Kwa njia hiyo ni mwendo wa saa tano. Ila mwezi wa maua ndio mwezi wa mvua, na mwezi wa mvua ile barabara humeguka. Maua na maporomoko huko huja pamoja, huwezi kuchagua kimoja.

"Milango," Lugano alisema. Hakungoja wengine. Aliazima Landrova kuukuu kwa tajiri wake, hendibreki haishiki, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na asubuhi kweupe wakaondoka.

Namna walivyokaa ni jambo la kuliangalia. Mbele Lugano na usukani wake, kando yake Ambokile, ambaye Ikupa alimwita kwa sababu ndiye pekee anayeujua uwanda. Nyuma kwenye godoro Mzee ameegemea mito, na Ikupa ubavuni mwake. Kisha kanga imefungwa kwa kamba kutoka upande hadi upande. Nyuma ya kanga, karibu na mlango wa mwisho, Syabumi na mfuko wake wa dawa. Muuguzi yumo garini, mgonjwa yumo garini, na katikati ni kitambaa.

"Wifi, anahema mara ngapi?" Syabumi angeuliza.

Ikupa angehesabu, akamjibu. Kisha mkono ungepita chini ya kanga na kidonge au sindano, na Ikupa, ambaye hakusomea chochote, angechoma kwa kufuata maelekezo ya sauti. Hapana, usicheke. Siku ile hakuna aliyeona ajabu, walikuwa wamekulia humo.

Walipopita Mlango wa Chini, maua yakaanza. Mzee akaomba kioo kiteremshwe. Macho yake yalishafifia, kwa hiyo Ikupa akawa anamtajia: manjano kilima kizima, buluu na zambarau kwenye mitaro, mengine ya rangi ya chungwa yamesimama kwenye majabali. Nyuma ya kanga Syabumi akasema, "Wifi, niambie na mimi, huku sina dirisha," ikabidi Ikupa aseme kwa sauti kubwa zaidi. Ambokile alipoona dada yake anakwama, akaanza kuyataja majina yake, taratibu, bila kugeuka. Mzee alisikiliza kwa muda.

"Mwambie huyo wa mbele," alimwambia Ikupa, "hilo la zambarau amelikosea jina."

Hilo ndilo neno la kwanza katika miaka kumi na moja, na lilipitia kwa dada. Ikupa alimwona Ambokile anajifuta uso kwa mkono wa koti, na kwa kitambo kile alifurahi, alifurahi kabisa, akasahau wanakwenda kufanya nini. Mzee akawa anauliza kila kona, "Meupe bado?" Bado, baba.

Chini kidogo ya Mlango wa Juu walikutana na lori linashuka. Dereva wake alisimama akamwambia Lugano kitu dirishani, kisha akatikisa kichwa akaenda zake. Ikupa akauliza amesemaje.

"Anasema barabara safi," Lugano alijibu.

Ambokile alikuwa kando yake, alisikia kilichosemwa, na hakusema kitu. Dereva wa lori alisema hivi: "Kaka, ukingo wa juu umeshalegea, mimi nimepita kwa bahati. Rudi."

Haya. Katikati ya Mlango wa Juu, kushoto ukuta wa mlima, kulia shimo, udongo ulimeguka chini ya tairi la mbele. Gari likainamia shimoni, likasimama. Halikusimama kwa hiari yake. Lugano alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, mgongo ameusukumiza kwenye kiti, na shingo yake imetoka mishipa.

"Shukeni kwa nyuma," alisema. "Mtoeni baba. Mimi nikiachia, tunakwenda wote."

Ambokile alitambaa juu ya viti. Walimtoa Mzee na godoro lake, polepole, maana gari liliyumba kwa kila aliyeshuka. Zilipita dakika kadhaa, na kwa dakika hizo zote Lugano alikuwa akiongea kwa utani tu, anawaambia wasisahau chai kwenye chupa, anamwambia tajiri wake samahani. Mzee alipokuwa chini, na Ikupa akapaza sauti kwamba wameshuka wote, udongo ukaachia.

Landrova ilibiringika mara moja ikakwama kwenye jabali, mita kama kumi chini. Ambokile alishuka akamkuta Lugano hai. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika kati ya pedali na bati, na iliwachukua muda kumnasua. Syabumi alifunga jeraha kwa vipande vya ile kanga ya katikati, kwa kuwa hakukuwa na kitambaa kingine.

Sasa angalieni hesabu ya watu. Mwenye nguvu za kubeba ni mmoja, Ambokile. Wa kubebwa ni wawili. Kurudi chini kwa Lugano ni saa mbili, kupanda uwandani kwa Mzee ni saa mbili, na mvua imeanza. Ikupa alisimama kati ya baba yake na mdogo wake, akamtazama huyu, akamtazama yule. Lugano akatamka.

"Mfikisheni. Mimi niacheni na turubai la gari. Nimesema nendeni, dada, usinitazame hivyo."

Wakamwacha. Ikupa alimfunika turubai kama alivyokuwa akimfunika alipokuwa mdogo, akaondoka bila kugeuka, na hilo la kutogeuka anajilaumu nalo mpaka leo. Lugano alikaa pale peke yake mpaka jioni, wachungaji walipomkuta. Mguu ulishakufa. Hospitalini walimkata juu ya goti.

Mzee alifungwa mgongoni kwa Ambokile kwa lile blanketi lake, kama mtoto. Ikupa alitembea kando amemshika mkono, na Syabumi alifuata nyuma hatua ishirini, ametupa macho chini, kwa kuwa kanga haipo tena na hakuwa na namna nyingine ya kujificha. Njia ni ya mbuzi, utelezi mtupu. Kila baada ya muda Syabumi aliuliza kwa mbali, "Wifi, vipi?" na Ikupa alijibu, "Yupo."

Nusu ya njia, walipopumzika chini ya jabali, Mzee aliacha kukohoa. Ikupa akashukuru.

"Wifi, vipi?"

"Ametulia. Amelala."

"Anahema mara ngapi?"

Ikupa alikuwa amechoka. Alitazama kifua, akaona blanketi linatikisika kwa upepo, akahesabu upepo. "Kumi na nne," alisema.

Syabumi alikuwa amewapa mgongo. Akauliza, "Kucha zake rangi gani?" Ikupa akazitazama. Zilikuwa za buluu.

Hapo Syabumi aligeuka. Alikuja mbio, akapiga magoti, akamshika baba mkwe wake uso kwa mikono miwili. Makohozi yalikuwa yamemziba. Alijaribu kwa kidole, hayakutoka. Akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mzee, akayavuta, akatema, akavuta tena, akatema. Kisha akampulizia pumzi yake mwenyewe. Alifanya hivyo mara nyingi sana, Ikupa hakuhesabu tena. Ambokile aligeukia ukuta wa mwamba, hakuweza kutazama.

Mzee alifungua macho. Uso wa kwanza aliouona ulikuwa ule ambao hakuwahi kuuona kwa miaka kumi na minane. Waliangaliana. Mzee akasema, "Mkwe," kisha akafumba macho tena. Syabumi akashusha kitambaa cha kichwani usoni, akarudi hatua ishirini nyuma, akakaa kwenye tope akalia. Alijua alichokipoteza. Alikuwa na watoto wawili kwenye uwanja ule.

Walifika uwandani mvua ikiwa imekatika. Ukungu ulikuwa unapanda na kushuka, na kila ulipopanda maua yalionekana mpaka mwisho wa macho, manjano, zambarau, buluu. Ambokile aligeuka huku na huku ili baba yake aliye mgongoni aone.

"Meupe yako wapi?" Mzee aliuliza.

Ikupa akatafuta. Wakatembea mashariki, wakarudi, wakatembea tena. Hakuna jeupe hata moja. Mzee akaanza kutetemeka.

"Dereva yuko wapi?" akauliza. "Labda ametuleta siko."

"Anakuja nyuma, baba," Ikupa alisema, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa baba yake.

"Basi mama yenu ameondoka. Nilimkawilia."

Alianza kulia, na kwa mapafu yale hakuweza hata kulia vizuri. Ambokile akaanza kutembea kwa hatua za mtu anayejua aendako. Hakuangalia maua. Alipita kijito, akapanda kituta, akasimama mahali palipokuwa na majani tu na kijishimo kilichozama. Akamfungua Mzee, akamweka chini.

"Ni hapa, baba."

"Umejuaje?"

"Meupe niliyachimba mimi. Mwaka jana. Jembe likagonga chungu, nikajua ni kaburi, nikafukia nikakimbia. Sikujua ni la nani. Viazi sikuvirudisha."

Alipiga magoti akafukua kwa mikono mpaka kitako cheusi cha chungu kikatokea. Akauchukua mkono wa baba yake akauweka juu yake. Mzee alikipapasa, akakijua. Kisha akanyoosha mkono wake wa pili, akamshika Ambokile shingoni, akamvuta karibu. Akafa hivyo, mkono mmoja kwenye chungu na mwingine kwenye shingo ya mwanawe. Ikupa alikuwa hapohapo, na mpaka leo hajui mkono ule ulikuwa unamkumbatia au unamkaba. Nguvu zilikuwa zimekwisha, mikono ya namna zote mbili inafanana.

Walimzika kando ya mkewe siku ya pili. Matanga yakawekwa nyumbani, na siku ya kuanua, Lugano ameshatolewa hospitali na watu wakiwa bado hawajatawanyika, Shangazi Kissa alisimama katikati ya uwanja.

"Ikupa, uliapa. Mvike mtu, nyumba isilale wazi."

Ikupa alitoka ndani na blanketi. Lilikuwa limefuliwa, na bado lilinuka baba. Kwenye mkeka alikaa Lugano na mguu mmoja, dereva ambaye hataendesha tena. Mlangoni pa nyumba yake alisimama Syabumi, begi limefungwa, watoto wamevaa viatu, anasubiri kuambiwa. Nje kabisa, ng'ambo ya wigo, alisimama Ambokile, kwa kuwa aliyemfukuza hakuwahi kusema rudi, na sasa hawezi kusema tena.

Lugano ndiye aliyesema kwanza. "Mimi sioni aibu kudai. Nisingekanyaga, mngekuwa mnazika watu watano."

"Mwenzako wa lori ametueleza. Ungesema alichokuambia, msingefika hata kwenye lile shimo," Shangazi alimjibu.

"Na kwa lami, shangazi? Angefia wapi?"

Shangazi akamgeukia Syabumi. "Na huyu alimgusa mzee. Kwa mdomo."

"Nilimgusa," Syabumi alisema. "Na kama ningeacha kitambaa mapema, nikamtazama tangu asubuhi, pengine angekuwa nasi hata leo. Hilo ndilo linaloniuma. Kugusa hakuniumi."

Ambokile alipoulizwa, aliongea na wigo. "Msinivike mimi. Nilimchimba mama."

"Lakini ndiye aliyembeba," akasema mtu mmoja kwenye umati. "Ndiye aliyejua mahali." Mwingine akasema, nani mwingine angejua, wakati ni yeye aliyefuta alama? Wa tatu akasema anayekataa kuvikwa ndiye anayefaa kuvikwa. Wa nne akamwambia akae kitako, hayo ni maneno ya kanisani. Basi kelele zikaanza, kama zinavyoanza hapa kila ninapofika, na naona mmeshaanza.

Ikupa hakuwasikia. Alikuwa anajiuliza jambo moja tu: amtoe yupi kati ya watatu, na baba bado afike? Akamtoa Lugano, wote wamo shimoni. Akamtoa Syabumi, aliyefika uwandani ni maiti, kama mama. Akamtoa Ambokile, baba amekufa akitafuta. Kila alipomtoa mmoja, safari ilikatika. Na kila alipomwangalia mmoja wao, aliona kosa lake limekaa palepale kwenye wema wake, huwezi kuvibandua. Kulikata blanketi hakuruhusiwi. Kulirudisha sandukuni ni kuvunja kiapo, na yeye kitu pekee alichojaliwa duniani ni kuaminika. Atakayevikwa ndiye atakayesema nani akae. Wawili watakaobaki watalala usiku ule kwa hisani ya mwenzao, au hawatalala pale kabisa.

Haya, sasa fungueni midomo. Sitaki kusikia "wote", maana mabega anayoweza kuyafunika ni ya mtu mmoja. Ikupa amesimama uwanjani, blanketi limemlemea mikononi, na watu watatu wanamtazama, mmoja kwenye mkeka, mmoja mlangoni, mmoja ng'ambo ya wigo. Ungekuwa wewe, hatua yako ya kwanza ungeielekeza wapi? Jibu, lakini jibu ukimtazama machoni yule unayempita.